Fundi Anajibu: Feni Zinazunguka, Kioo Cheusi

Mwezi huu nimechagua barua za wasomaji waliojiundia kompyuta za mezani kwa mikono yao wenyewe. Nimezichagua kwa makusudi, maana karibu zote zina ombi moja: "Fundi, niambie ninunue kifaa gani." Jibu langu kwa karibu zote ni kwamba usinunue kitu kwanza. Wewe uliyeiunda ndiye unayejua kila skrubu uliyofunga na kila waya uliopitisha. Ukitulia, utaiona hitilafu kabla ya fundi yeyote.

Shikamoo fundi. Nimeunda kompyuta yangu ya kwanza. Nikibonyeza kitufe, taa zinawaka na feni zote zinazunguka, lakini kioo ni cheusi tii. Siku ya pili nilibadilisha pawasaplai (kile kisanduku cha kugawa umeme), RAM na kebo ya skrini, vyote kwa pamoja. Bado. Nafikiri ubao mama umekufa. Ninunue mwingine?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

Marahaba mwanangu. Ubao mama uache kwanza. Feni zikizunguka maana yake ni moja tu, kwamba umeme wa volti 12 umefika kwenye feni. Kama prosesa, yaani ubongo wa mashine, imeamka au bado imelala, feni haijui.

Kilichonisumbua kwenye barua yako ni hilo neno "kwa pamoja". Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, mashine ikipona hujui ni kipi kilichoiponya, na isipopona hujui kama hukuongeza kosa jipya juu ya lile la zamani. Rudisha vifaa vyako vya mwanzo. Chukua daftari. Badilisha kimoja, washa, andika ulichokiona, zima, ndipo uende kwenye kingine.

Anza nyuma ya kasha. Kebo ya skrini umeichomeka wapi? Kama una kadi ya picha, kebo inaingia kwenye matundu ya kadi yenyewe, yale yaliyojipanga kwa ulalo upande wa chini, si yale ya juu yaliyo jirani na matundu ya USB. Prosesa za Intel ambazo namba zake zinaishia na herufi F hazina kabisa sehemu ya kutoa picha, kwa hiyo tundu la ubao mama litabaki bubu hata kama kila kitu ni kizima. Hili pekee limeshanimalizia barua nyingi mno.

Halafu tazama kona ya juu ya ubao, karibu na prosesa. Kuna plagi ya pini 8 ya kulisha prosesa. Ile kubwa ya pini 24 hakuna anayeisahau, lakini hii imejificha nyuma ya kipoza joto, na bila hiyo feni zitazunguka mpaka kesho huku prosesa haijaonja umeme. Usiichanganye na waya wa kadi ya picha: ya prosesa hugawanyika nne kwa nne, ya kadi ya picha hugawanyika sita kwa mbili.

Kwenye RAM, vile vijiti vya kumbukumbu ya muda, usiamini macho ya haraka. Inamisha kichwa hadi usawa wa ubao na utazame meno ya dhahabu yanapozama kwenye sloti. Yakionekana kama mstari mwembamba ulio sawa kutoka ncha hadi ncha, imekaa. Mstari ukinenepa upande mmoja, imekaa mshazari, na hapo ndipo kioo cheusi kinapoanzia. Bonyeza ncha moja kwa kidole gumba hadi usikie "tak", kisha ncha ya pili. Inahitaji nguvu kuliko mtu anavyodhani mara ya kwanza. Kwa majaribio tumia kijiti kimoja tu, na kama ubao una sloti nne, kiweke kwenye sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Mbao nyingi za sloti nne huanzia hapo, ila kitabu cha ubao wako ndicho chenye kauli ya mwisho.

Sasa washa na utazame ukingo wa ubao. Mbao nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha) na BOOT (kuanza kwa mfumo). Taa inayobaki imewaka bila kuzimika ndiyo inayokuonyesha pa kushika. Ikiwa RAM zako ni za kizazi cha DDR5 na taa ya DRAM imeng'ang'ania, subiri. Mara ya kwanza kuwashwa, ubao huzipima RAM ili kutafuta namna ya kuelewana nazo, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa huku kioo kikiwa cheusi. Ukizima katikati kwa wasiwasi, itaanza upya. Ipe robo saa nzima kabla ya kuihukumu.

Ikishindikana yote hayo, itoe mashine kwenye kasha. Laza ubao juu ya boksi lake la karatasi, ubaki na prosesa, kipoza joto, RAM moja na pawasaplai tu. Kama prosesa yako haitoi picha, ongeza kadi. Hakuna kitufe hapo, kwa hiyo gusanisha zile pini mbili zilizoandikwa PWR_SW kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu kisha achia. Ikitoa picha nje na ndani ya kasha haitoi, ubao wako ni mzima na kosa liko kwenye kasha. Tafuta nguzo ndogo ya shaba, zile za kubebea ubao, iliyobaki mahali ambapo ubao hauna tundu la skrubu: inagusa mgongo wa ubao na kupiga shoti.

Isipotoa picha hata nje, fungua kipoza joto, toa prosesa, na umulike soketi kwa tochi kutoka ubavuni. Kama pini ziko kwenye soketi, safu zake zitametameta kwa mpangilio mmoja. Pini iliyopinda itang'aa kinyume na wenzake, au itaacha kidoa cheusi katikati ya mng'ao. Ukifika hapo ukakuta safu zote ziko sawa, niandikie tena na hilo daftari, tuendelee.

Fundi, mashine yangu inajizima ghafla nikicheza gemu, baada ya dakika 10 au 20. Kwenye kumbukumbu za Windows naona tukio namba 41, Kernel-Power. Rafiki yangu anasema hapo pawasaplai imeshakufa. Ni kweli?
*Mpenzi wa gemu*

Rafiki yako anaweza kuwa amepatia, lakini namba 41 siyo shahidi wake. Namba hiyo inasema tu kwamba Windows ilipoamka ilikuta haikuzimwa kwa utaratibu. Chomoa waya ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, utaipata 41 hiyohiyo na pawasaplai yako ikiwa nzima kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakitupa pawasaplai nzuri kwa kusoma neno "Power" tu.

Kwanza tenganisha joto na umeme, maana havizimi mashine kwa namna moja. Prosesa ikizidiwa na joto haikati mara moja. Hupunguza kasi kwanza, gemu linaanza kukwama, feni zinapiga kelele, na kuzima huja mwisho kabisa. Prosesa nyingi za kisasa zina kikomo cha kati ya nyuzi 95 na 100 za Selsiasi. Umeme ukigoma, hakuna dalili: unacheza vizuri, kishindo kinatokea kwenye gemu, giza.

Weka programu ya kuonyesha joto na uibebeshe prosesa mzigo peke yake. Ikipanda hadi 95 ndani ya dakika moja, kifungue kipoza joto ukitazame chini. Kama ile nailoni ya kiwandani, inayofunika uso wa chini wa kipoza na hubanduliwa kabla ya kukifunga, ilibaki pale, utaiona sasa, ikiwa na chapa ya prosesa imejichora juu yake. Ukikuta nailoni haipo, soma alama ya pesti, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza: inapaswa kuwa imetandazwa uso mzima. Ikiwa nene upande mmoja na upande mwingine kama haijaguswa, skrubu zilikazwa bila mpangilio. Kaza upya kwa msalaba, kidogo kidogo, kona hii kisha ile ya mkabala.

Joto likiwa zuri, ibebeshe kadi ya picha mzigo peke yake. Kisha vyote viwili kwa pamoja. Kama kila kimoja kinahimili peke yake na mashine inazima vikiungana, hapo ndipo nianze kumsikiliza rafiki yako. Na kuna dalili nyingine: baada ya kuzima, je, kitufe kinakataa kuwasha mpaka uchomoe waya ukutani na kuurudisha? Mara nyingi huo ni ulinzi wa pawasaplai uliojifunga.

Lakini hata hapo, tazama kadi ya picha imelishwaje. Kama ina matundu mawili ya umeme na wewe umetumia waya mmoja wenye vichwa viwili, weka nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai. Kadi kubwa huvuta umeme kwa mishtuko ya milisekunde chache, juu kabisa ya wati zilizoandikwa kwenye boksi, na waya mmoja unabanwa. Chomeka mashine ukutani moja kwa moja pia, bila waya wa kuongezea. Ukiwa na mita ya kupimia umeme na mtu wa kukuonyesha, pima laini ya volti 12 wakati wa mzigo: kikomo kinachokubalika ni asilimia 5, yaani isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6.

Pawasaplai yenyewe usiifungue. Nakuomba hili kwa dhati. Kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa, na ndani yake hakuna kitu cha kukitengeneza mezani nyumbani.

Kila nikichomoa kompyuta ukutani, saa inarudi nyuma miaka na mipangilio ya BIOS inapotea. Ubao umeharibika?
*Mama wa watoto watatu*

Hapana dada, ni betri. Ni ile ya duara, nyembamba kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Zima, chomoa waya, ibanue kwa kucha, weka mpya upande wenye maandishi ukitazama juu. Kisha ingia BIOS, ile programu ya ubao inayoamka kabla ya Windows, urekebishe saa. Andika mipangilio yako mahali kabla ya kuanza.

Fundi, nimenunua pawasaplai mpya ya nyaya za kuchomoa. Nyaya za ile ya zamani zimeshapita vizuri nyuma ya kasha, na nimejaribu, zinaingia sawasawa kwenye mpya. Niziache hizohizo nisihangaike kupitisha upya?
*Mvivu wa nyaya*

Zitoe. Zitoe zote kabla hujagusa swichi, ndipo uendelee kusoma.

Ule upande wa waya unaoingia kwenye ubao, diski au kadi una mpangilio mmoja duniani kote. Upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna. Kila kiwanda hupanga pini zake kinavyotaka, na hata kiwanda kimoja kinaweza kubadilisha mpangilio kutoka toleo moja hadi jingine. Plastiki ya plagi inafanana, kwa hiyo waya unaingia na kukaa vizuri, halafu unapeleka volti 12 mahali palipotarajia volti 5.

Hili lilinipata. Miaka mingi iliyopita nilimbadilishia jirani yangu pawasaplai, na nyaya za diski nikaziacha palepale zilipokuwa, zimefungwa vizuri kwa vibanio, zinapendeza. Nilipowasha, sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama njiti ya kiberiti ikikwaruzwa. Kisha harufu. Diski mbili ziliungua kwa pamoja, na moja ndiyo iliyokuwa na picha za watoto wake tangu kuzaliwa. Nyingine ilikuwa nakala ya zilezile picha, nayo ilikuwa kwenye waya huohuo. Jirani hakunigombeza. Alikaa akaitazama mashine bila kusema kitu, na mpaka leo nikiona waya wa pawasaplai usio na alama nauweka kando mara moja.

Tangu siku ile kila waya ninaoutoa kwenye boksi naufunga karatasi yenye jina na toleo la pawasaplai yake. Nawe fanya hivyo kwa hizo za zamani, la sivyo mwaka kesho utaziokota tena. Na nakala ya picha za familia isikae ndani ya kasha moja na picha zenyewe.

Nilikuwa na RAM mbili, mashine ikaenda vizuri mwaka mzima. Nikaongeza mbili nyingine za jina lilelile na kasi ileile. Sasa napata skrini ya bluu kila siku, na kila mara inaandika kosa tofauti. Nimeweka Windows upya mara mbili. Duka linasema RAM ni nzima.
*Mhariri wa video*

Kosa linalobadilika kila siku ndilo linalonifanya niitazame RAM. Programu mbovu au kiendeshi kibovu (ile programu ya kuendesha kifaa) kwa kawaida hurudia kosa lilelile. Kumbukumbu ikibadilisha tarakimu moja bila kusema, huwezi kujua ni programu gani itaangukia hapo leo. Kwa sababu hiyohiyo, acha kuhifadhi kazi muhimu kwenye mashine hiyo hadi tumalize. Faili linaweza kuandikwa likiwa limeharibika na usilijue mpaka siku ya kulifungua.

Duka linaweza kuwa linasema kweli. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya mpangilio wa BIOS uitwao XMP au EXPO, ambayo ni juu ya kasi ya kawaida ya RAM hizo. Jozi iliyouzwa pamoja ilipimwa pamoja kwa kasi hiyo. Jozi mbili ulizonunua kwa nyakati tofauti hazikupimwa pamoja, na ndani ya jina lilelile chipu zinaweza kuwa za kiwanda tofauti. Zaidi ya hapo, anayezisimamia RAM zote ni prosesa, na vijiti vinne ni mzigo mkubwa kwake kuliko viwili, hasa vikiwa vya DDR5.

Ingia BIOS uzime XMP, rudi kasi ya kawaida. Fanya kazi siku mbili. Skrini za bluu zikikoma, hakuna kilichokufa; unaweza kubaki hapo au kupandisha kasi ngazi kwa ngazi. Zisipokoma, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kutoka humo na uiache usiku kucha imalize mizunguko yake minne. Asubuhi tazama idadi ya makosa. Kosa moja linatosha. Usiniandikie kwamba ni moja tu, kwa hiyo si neno. Kwenye RAM, jibu linalokubalika ni sifuri.

Ukipata makosa, toa vijiti vyote ubaki na kimoja, kwenye sloti moja, pima. Kingine kwenye sloti ileile, pima. Ndivyo hivyo hadi vinne. Kosa likifuata kijiti kimoja kila kinapokwenda, kijiti ni kibovu na sasa una ushahidi wa kurudi nao dukani. Kosa likibaki kwenye sloti hata ubadilishe vijiti vyote, shida iko kwenye ubao au kwenye mguso kati ya prosesa na soketi. Hapo legeza kipoza joto, kalisha prosesa upya na ukaze kwa usawa. Nimeshaona sloti "iliyokufa" ikifufuka kwa skrubu moja iliyokuwa imekazwa kupita wenzake.

Na Windows usiiweke upya tena kabla ya kupima. Ukiipakia kupitia RAM yenye kasoro, unaweza kuwa unaandika makosa mapya kwenye diski safi.

Kompyuta inawaka, inaonyesha maandishi meupe kwamba kifaa cha USB kinavuta umeme kupita kiasi na kwamba itajizima baada ya sekunde 15. Nimechomoa kila kitu cha USB, hata kipanya. Bado inajizima.
*Msomaji wa siku nyingi*

Ahsante kwa kunakili maneno ya kwenye kioo, yamenirahisishia kazi. Mashine haikudanganyi, inaona shoti kwenye laini ya USB kweli. Umechomoa vya nje, lakini kuna vya ndani: matundu ya USB ya mbele ya kasha yana waya unaoingia kwenye ubao. Zima, chomoa umeme, kisha uchomoe waya huo. Washa. Ikipita sekunde 15 bila kuzima, umeshaipata sehemu yenye ugonjwa.

Chukua tochi uangalie pande zote mbili. Mbele ya kasha, chungulia ndani ya kila tundu: ule ulimi wa plastiki unaweza kuwa umevunjika na vijisahani vyake vya shaba vimeinama hadi kugusa ukuta wa chuma. Kwenye ubao, plagi ya USB ya zamani ina pini 9 na nafasi moja iliyoachwa wazi ili isiingizwe kinyume. Ile ya USB 3.0 ina pini 19 na hupindika kirahisi sana mtu akiisukuma kwa pembe. Pini moja ikilalia jirani yake, ndiyo shoti yenyewe.

Kuinyoosha, tumia penseli ya kubonyeza, ile ya risasi nyembamba, ukiwa umeitoa risasi. Tundu la mdomo wake hulingana vizuri na pini. Ivishe pini, isimamishe polepole kwa mara moja, usiirudishe nyuma na mbele, maana pini hukatika kwa kurudiwa. Tundu la mbele likiwa ndilo lililovunjika, acha waya wake ukiwa umechomolewa na utumie matundu ya nyuma mpaka upate paneli nyingine.